Watu Tisa Waliomngoja Ussi

Ndugu yangu Ussi alizaliwa nyumbani kwetu Kiegeani, kisiwani Mafia, mwaka 1992, mimi nikiwa na miaka sita. Nakumbuka nilipewa nimpakate, nikaambiwa nimshike kichwa. Alipofika mwaka mmoja na nusu vidole vyake vikavimba, akawa analia akiguswa. Mama alimzungusha kwa waganga wawili, kisha akampeleka hospitali Kilindoni. Huko wakapima damu, wakasema ana seli mundu. Baba akauliza dawa yake nini. Wakamwambia mtoto anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke. Baba alicheka kidogo. Yeye ni mvuvi, na kazi ya uvuvi ndiyo hayo matatu: kiu, baridi na kuchoka.

Hivyo tangu udogo ilijulikana kwamba Ussi hataingia baharini. Wenzake walipokuwa wakienda kujifunza kupiga kasia, yeye alibaki ukumbini na kopo la maji pembeni, akichora. Alichora kisiwa chetu chote kwa kukisia, na alimuuliza kila mtu aliyepita: ukitoka hapa kwenda Bweni unapita wapi, mwamba uko upande gani, maji yana rangi gani hapo. Watu walimjibu kwa sababu walimhurumia. Baadaye walimjibu kwa sababu ramani zake zilikuwa za kweli.

Alisoma mpaka kidato cha nne, kwa vipande. Mwezi shuleni, wiki mbili kitandani. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, ninafundisha watoto wadogo, na jioni nilimsomea madaftari ya wenzake huku nikimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto. Aliumwa bila kupiga kelele. Alikuwa akisema tu, "Dada, endelea kusoma," hata kama nilishamaliza ukurasa na hakuna la kuendelea.

Mwaka 2014 akapata kazi ya ukarani Utende, kwenye ofisi ya hifadhi ya bahari. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya redio, kusikiliza boti za doria zinasema ziko wapi, na kuandika. Pwani kwetu maneno hayakukosekana. Siku moja baba alikuwa akitengeneza wavu, mzee mmoja akamwambia mbele za watu:

"Shamte, umezaa mpelelezi. Sisi tunatoka na nyavu, mwanao anaandika majina yetu."

Baba hakuinua uso. "Anaandika majina ya boti za serikali," akasema. "Jina lako nani atapoteza wino wake kuliandika?"

Watu wakacheka, na maneno hayo yakaishia hapo.

Kazini alikutana na Deusdedit, sisi tulimwita Deo, kijana wa Kagera aliyeshughulikia kompyuta na redio za ofisi. Deo ni Mkatoliki, mtu wa masihara sana, na kila asubuhi alimpitia Ussi kwa pikipiki, akiendesha polepole kama amebeba mayai. Huyo Deo ndiye aliyemwonyesha mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Si mchezo wa watoto. Ndege ni za vita vya zamani, na kila moja inaruka kama ilivyoruka kweli, na mtu anacheza pamoja na wenzake walio nchi nyingine, wote wakiwa katika anga moja kwa wakati mmoja. Ussi aliingia kwenye kikundi cha watu tisa, yeye akawa wa kumi. Kiongozi wao alikuwa Pieter, mwalimu mstaafu wa Uholanzi. Wengine walikuwa wa Ureno, Kanada, Brazili na kwingineko, na mmoja hakusema ni wa wapi. Kila mmoja alikuwa na namba. Huyo asiyesema kwao alijiita kwa namba yake tu, Saba.

Ussi hakuweza kurusha ndege vizuri, na sababu haikuwa mikono yake. Mtandao wetu ulikuwa mzito. Wenzake waliiona ndege yake ikikatika-katika, mara iko hapa, mara imerukia kule, mara imetoweka na kuibukia ndani ya mlima. Wakamcheka, naye akacheka. Kisha Pieter akamwambia, kwa kuwa anajua ramani, awe mpangaji. Yaani awaandikie wenzake vita nzima: siku gani, ndege ngapi, zinatoka wapi, zinapita wapi, upepo, mawingu, nani anamlinda nani. Wao wanaruka, yeye amekaa na makaratasi.

Nilimwambia, "Ussi, muda wote huu unacheza vita. Mungu atakuuliza."

"Dada, mimi sirushi hata risasi. Napanga tu."

"Anayepanga ndiye mkubwa wao."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini Jumapili alasiri, ambayo ndiyo ilikuwa siku yao, alihakikisha ameshaswali ndipo afungue kompyuta. Hilo namshuhudia mbele ya Mungu.

Mwaka 2019 akawaambia wenzake kwamba safari hii atawapangia vita ya kwao. Wakadhani anatania. Akawaeleza kwamba mwaka 1915 Waingereza walikaa hapa Mafia, wakafyeka uwanja wa ndege, na ndege zao, zile za mbao na turubai, zikavuka kwenda delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko. Alisoma kila alichopata. Akaigawa vita hiyo katika Jumapili sita. Jumapili ya kwanza ilikuwa kuitafuta meli, na ya sita ilikuwa ile siku ya Julai ambayo meli za Waingereza ziliingia mtoni zikaipiga, na ndege iko juu ikiwaambia makombora yameangukia wapi. Ndege hiyo ilipigwa, lakini waliokuwa ndani waliendelea kutuma habari huku wanaanguka. Ussi alipenda sana hilo. Aliniambia, "Hawakuwa na bunduki ya maana, dada. Kazi yao ilikuwa kutazama na kusema."

Kwa kupanga vita hiyo, yeye na baba wakakaa pamoja kuliko walivyowahi kukaa. Baba ujanani alikuwa akienda delta kuchukua boriti, anaijua midomo yote ya mto. Ussi alitandaza ramani sakafuni, baba akavaa miwani ya mama.

"Hapa umeandika nini?" baba akauliza.

"Mdomo wa Kikunja."

"Kikunja haiko hapo. Sogeza. Ukipaweka hapo utawapandisha Wazungu wako kwenye mchanga."

Ussi akafuta, akasogeza.

"Na hii vita mnapigania nini?"

"Meli, baba."

"Akishinda mtu anaipata?"

"Haipatikani. Inazama."

"Basi ni kama mpira," baba akasema, na akaonekana kuridhika.

Ndipo Ussi akamuuliza kuhusu maji. Alikuwa ameshapiga hesabu akajua siku ile ya mwisho iliangukia mwisho wa Shaabani, siku mbili tatu kabla ya mwezi wa mfungo wa mwaka huo. Alimtajia baba tarehe ya mwezi tu, hakumwambia zaidi. Baba akahesabu kwa vidole.

"Mwezi ishirini na nane? Hilo ni bamvua. Asubuhi maji yametoka mpaka mbali. Yanaanza kurudi saa nne, na saa kumi alasiri yamejaa. Meli kubwa haikuingia asubuhi. Imeingia mchana, maji yanapopanda."

Ussi akafungua kitabu, akamsomea. Ziliingia karibu na saa sita mchana. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shuka, akaenda msikitini. Mama alituambia baadaye kwamba njiani alimsimulia kila aliyekutana naye.

Jumapili tano zikapita. Wenzake wa kikundi walifurahi mno, Deo alikuwa akinisomea maneno yao. Walimwita Ussi jenerali. Jumanne akawaandikia: "Mpango wa sita haujakamilika. Mtaupata Jumapili, saa moja kabla ya kuruka. Naahidi."

Jumatano alishindwa kuamka. Maumivu yalianzia mgongoni yakaingia kifuani, na kupumua kukawa kazi. Tulimpeleka Kilindoni, wakamwekea maji na hewa, wakafanya kila walichoweza. Mimi nilishika mguu wake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kushika, mikono ilikuwa na mipira. Nilisoma Yasini mara nyingi sana, sikuhesabu. Wakati mmoja alifungua macho akaniambia, "Dada, endelea." Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini, alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa nimeomba tangu akiwa na mwaka mmoja na nusu asife mbele yangu, na akafa mbele yangu.

Tulimzika Jumamosi asubuhi. Kabla jeneza halijatoka, baba yetu mdogo alisimama barazani akasema kama inavyosemwa kwetu kwa kila maiti: kama kuna mtu anamdai marehemu, au ana haki yake kwake, sisi ndugu zake tupo, na aseme. Na kama marehemu amemkosea mtu, tunaomba amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Yule mzee wa maneno ya mpelelezi alisema kwa sauti kuliko wote. Hakuna aliyejitokeza kudai. Jeneza likaenda.

Mchana Deo akaja ndani kumpa pole mama. Alikuwa amevaa kofia ya kuazima iliyombana, na macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe, umehangaika naye."

"Mama, mimi nina neno dogo. Pale nje waliuliza nani anamdai. Ussi hadaiwi chochote cha mtu. Ila kuna watu wanamngoja kesho. Hawajui kama amefariki. Nilitaka tu ruhusa yenu niwaambie."

"Watu gani?"

"Wa ule mchezo wa ndege. Wako tisa."

Mama alikaa vizuri kwenye mkeka. "Wanamngojea nini?"

"Kuna mpango aliwaahidi."

"Alisema 'naahidi', au alisema 'nitajaribu'?"

Deo ni mtu asiyejua kusema uongo mbele ya mama wa mtu. "Aliandika 'naahidi', mama."

"Basi ni deni," mama akasema. "Na mwanangu ameshazikwa nalo."

Tangu dakika hiyo mama hakutulia. Hakula, na waliomletea uji aliwarudishia. Tukamwita Maalim Shaabani, aliyemfundisha Ussi Qurani, nikamweleza yote, pamoja na kwamba ni mchezo, na ni wa vita. Akaniuliza:

"Kuna kamari ndani yake?"

"Hakuna, maalim."

"Kuna mtu anaumizwa?"

"Hakuna. Ni picha."

"Basi ahadi ni ahadi. Ama nyinyi mwitimize, ama wenyewe wamsamehe, kila mtu kwa kinywa chake. Na wao wako mbali, basi kila mtu kwa mkono wake."

Jumapili asubuhi Deo na mimi tukafungua kompyuta ya Ussi pale chumbani kwake. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa. Mipango mitano ya mwanzo ilikuwepo, kila mmoja kurasa nane au tisa, mishale, saa, majina. Wa sita ulikuwa na ramani, na mdomo wa Kikunja umewekwa pale alipoambiwa na baba. Kulikuwa na saa za maji. Baada ya hapo palikuwa na jedwali la ndege, na vyumba vyote vya jedwali vilikuwa vitupu.

"Unaweza kuujaza?" nikamuuliza Deo.

"Dada Arafa, mimi nilikuwa mtazamaji. Nikijaza hapa, nitagonganisha ndege za watu."

Tulijaribu hata hivyo. Tulikaa saa nzima tukitazama mpango wa tano, tukijaribu kuelewa kwa nini ndege ya pili inatoka dakika kumi na mbili baada ya ya kwanza na si kumi. Hatukuelewa. Kila kitu kilikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa kwenye kichwa tulichokizika jana.

Ikabaki njia ya pili. Nikamwambia Deo barua nitaiandika mimi. Yeye Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, lakini ni mgeni wa mila yetu, na mimi ndiye ndugu. Nilitaka maneno yatoke kwetu. Nikaandika kama baba mdogo alivyosema barazani, neno kwa neno, bila kupunguza. Niliandika kwamba mimi ni dada wa Ussi, na Ussi amefariki Ijumaa. Kwamba kwa niaba ya ukoo ninamwomba kila mmoja wao amsamehe Ussi kwa yote aliyowafanyia, yanayojulikana na yasiyojulikana. Kwamba kama amechukua haki ya yeyote kati yao, mtu huyo aseme, nasi ndugu zake tutarudisha. Na kwamba ninawaomba kila mmoja aandike kwa mkono wake: nimemsamehe.

Sikutaja mpango wa sita. Niliona ukitaja jambo moja umeyaacha mengine nje.

Deo alikuwa ametoka kupokea wageni waliofika kutoka Utende. Aliporudi nilikuwa nimeshatuma. Akasoma, akashika kichwa.

"Dada Arafa."

"Nimekosea herufi?"

"Herufi ziko sawa. Lakini umeandika kama mtu aliyekamatwa."

Sikumwelewa mpaka majibu yalipoanza kuja. La kwanza lilikuwa la Pieter. Alisema amehuzunika sana, na hajui aseme nini. Halafu akauliza: amefanya nini? Wa pili akauliza kama akaunti ya mtu yeyote imeingiliwa. Wa tatu akasema yeye anabadilisha neno lake la siri sasa hivi, na akawashauri wengine wafanye hivyo. Mmoja akakumbusha kwamba Ussi alikuwa na anwani zao zote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwatumia mipango. Yalikuja haraka, moja juu ya jingine, na Deo alikuwa akinitafsiria hata yale niliyoyaelewa. Mmoja wao akaliondoa jina la Ussi kwenye orodha ya kikundi, akaandika kwamba ni kwa muda, mpaka ijulikane.

Kisha akaandika yule Saba. Aliandika sentensi moja: "Nilijua tu kuna kitu." Na hapo hapo akajitoa.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na kanga ya msiba kichwani, nyumba imejaa wanawake wanaosoma, na kwenye kile kioo ndugu yangu, ambaye hakuwahi kuchukua hata ndimu ya jirani, alikuwa anafanywa mwizi. Na aliyesema habari hizo za wizi ni mimi. Nilitaka kuirudisha ile barua. Nilimuuliza Deo kama inarudishwa. Akasema hairudi.

"Andika wewe," nikamwambia.

Deo akaandika, mimi nikamwambia maneno. Tulieleza kwamba kwetu kila anayekufa huombewa msamaha hivyo, awe mtoto au shehe, aliyetenda na asiyetenda. Kwamba Ussi hakumwibia mtu. Kwamba lililo shingoni mwake ni ahadi ya mpango wa sita tu, na sisi tumeshindwa kuumaliza, na mama yake hali chakula.

Pieter ndiye aliyejibu tena wa kwanza. Aliona haya, naye aliandika hivyo, kwamba anaona haya. Akarudisha jina la Ussi kwenye orodha kwa mkono wake. Akaandika: nimemsamehe, ingawa hakuna cha kusamehe. Nilipoona hiyo "ingawa" nilitaka kumwambia aifute, lakini Deo akaniambia, "Iache, dada. Wazungu hawawezi kusema kitu bila kukiwekea mkia." Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumatano. Hadi Jumatatu magharibi walikuwa wametimia wanane. Wa Brazili aliandika kurasa mbili kuhusu jinsi Ussi alivyokuwa akimwuliza kila wiki hali ya mwanawe. Sisi hatukujua hata kama ana mwana.

Saba hakuandika. Hakuona ile barua ya pili, alikuwa ameshatoka. Nikamwomba Pieter amtafute. Akajibu kwamba wamejaribu, lakini Saba aliingia kwa namba na akatoka kwa namba. Hawajui jina lake, hawajui nchi, anwani yake haipokei tena. Ile sehemu ya sita ya vita haikurushwa. Walisema hawana moyo, na mpaka leo haijarushwa.

Mama alikuwa akiniuliza kila siku.

"Wangapi?"

"Wanane, mama."

"Na wa tisa?"

"Hajajibu."

Alianza kula, lakini kidogo, kama mtu anayeweka akiba ya wasiwasi. Ijumaa hata Ijumaa swali ni hilo. Deo akanivuta pembeni.

"Mwambie mama wametimia tisa. Mtu mzima, amefiwa. Hata padri wangu hatakulaumu kwa hilo."

"Padri wako simwogopi, Deo. Namwogopa anayejua hesabu."

"Basi na mimi nimsamehe, niwe wa tisa."

"Wewe hukuahidiwa kitu."

Aliumia, nilimwona. Na mimi sikuwa mkweli kama nilivyojifanya, kwa sababu nilichomwambia mama kilikuwa nusu. Nilisema hajajibu, sikusema kwa nini.

Siku ya hitima ya arobaini, watu walipokwishaondoka, mama alikuwa akipepeta mchele uliobaki. Akaniuliza tena, bila kuinua macho.

"Huyo wa tisa ana nini? Ana kiburi?"

"Hana kiburi, mama. Ameondoka."

"Aliondoka bila neno?"

Niliona nikijibu ndiyo, nitakuwa nimedanganya katika siku ya kumwombea Ussi. "Alisema neno moja. Alisema alijua tu kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Aliona Ussi amewaibia."

Ungo ukasimama. "Nani kamwambia?"

"Hakuna aliyemwambia. Alisoma barua yangu. Niliandika kama tunavyosema sisi, yeye akaelewa kwamba tunakiri."

Mama hakunikemea. Ningeweza kuvumilia kukemewa. Aliweka ungo chini, akachagua jiwe moja, jingine, akayaweka pembeni. Kisha akasema kwa upole, kama ananieleza njia ya kwenda mahali: "Basi Ussi hana deni kwa huyo mtu. Alikuja kutaka mpango, akaondoka na uongo. Mwenye deni sasa ni wewe, na wa kumtaka radhi ni ndugu yako."

Nilikwenda kwa Maalim Shaabani. Nilimweleza, na nilitaka aseme kwamba mama ni mzee na amechoka. Hakusema hivyo. Alisema mtu akimsingizia mwenzake humwendea akamtaka radhi, na kama mwenzake ameshakufa humwombea dua na kumtolea sadaka, na kumsifu pale alipomchafua.

"Nitamsifu vipi pale? Yule aliyesikia hayupo."

"Msifu kwa waliopo."

"Itatosha, maalim?"

Alipangusa jasho usoni. "Sijui, mwanangu. Mimi nafundisha nilichofundishwa."

Nimewaombea dua wengi ambao siwajui. Ussi namwombea kila baada ya swala, na kila mara nahisi kwamba naongea na mtu aliyenipa kisogo. Najua hayuko hivyo. Hakuwa na kisogo cha kumpa mtu. Lakini kila nikitaka kumkumbuka akicheka na baba sakafuni, inakuja kwanza ile sentensi ya Saba, ambaye sijui kama ni kijana au mzee, mwanamume au mwanamke, anaishi au hayupo, na ambaye mahali fulani duniani, akimkumbuka Ussi wa Mafia, anamkumbuka kama mwizi.

Kwa hiyo nimeandika haya, maana nimeambiwa nimsifu kwa waliopo. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ndicho kilichomchafua. Ussi bin Shamte hakuiba. Alikaa na makaratasi akawapangia watu safari ambazo mwenyewe hakuweza kwenda, na alisogeza mdomo wa Kikunja alipoambiwa amekosea. Aliswali kwanza ndipo akacheza. Alivunja ahadi moja, na aliivunja kwa kufa.

Kila Ijumaa baada ya adhuhuri namwandikia Pieter maneno machache, kumuuliza kama Saba amerudi, ili nimweleze ukweli. Naye hunijibu siku hiyo hiyo: bado. Ni mtu mwema, na hajawahi kuacha kujibu. Ijumaa iliyopita jibu lilikuwa refu kidogo. Aliniuliza, kwa adabu, kama sioni kwamba sasa imetosha.

Sijamjibu. Nimeanza mara tatu. Mama yuko ukumbini, na kwa deni langu sasa, ananisubiri nitoke nimwambie ni wangapi.